Mkate wa Bajia wa Mocímboa

Zamani abiria wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, alikuwa mtu wa kungoja. Aliyetoka Mtwara alingoja maji yajae mto Ruvuma pale Kilambo ndipo kivuko kivuke, kisha akahangaika na mchanga kutoka Namoto hadi Palma. Aliyekwenda Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, alilala Mocímboa da Praia, maana gari liliondoka kabla ya alfajiri. Kungoja huko ndiko kulikotulisha nyumbani kwetu.

Mkataba wa Roma wa Oktoba 1992 ulipomaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe, barabara zilifunguka, na mama akatoka na karai lake kwenda stendi kuuza mkate wa bajia. Kunde aliziloweka tangu mchana, akazifikicha kwa viganja hadi maganda yakaelea, akazitwanga kinuni pamoja na kitunguu saumu na chumvi. Kitunguu maji alikikata mwishoni kabisa, kwa sababu kikikaa kinatoa maji na rojo inalegea. Alichota kwa vidole vitatu, akadondosha kwenye mafuta, na bajia zikatoka zina vipembe vilivyokauka na tumbo laini. Mimi nilitumwa kwenye tanuri la kuni kuchukua mikate midogo, ile tuliyoachiwa na Wareno, ingali ya moto. Mama aliupasua mkate ubavuni kwa mkono, akatia bajia nne, akazibana mpaka zikavunjika, akanyunyizia pilipili ya ndimu.

Mtu alikula amechuchumaa kando ya jiko, na akiwa anakula aliulizwa atokako. Wachuuzi walileta bei za vitenge vya Mtwara, mabaharia walileta habari za upepo. Mama alijua mambo ya Macomia mapema kuliko redio. Nimekula vyakula vya kila namna tangu hapo, na bado nasema hakuna chakula kilichomfaa msafiri kama kile: rahisi, cha moto, na mwenyeji mbele yako.

Mwaka 2012 kampuni ya simu ya Movitel, ambayo mbia wake mkubwa ni Viettel ya Vietnam, ilianza kazi Msumbiji, na mafundi wa Kivietnam wakawa wanaonekana hata kwetu. Mmoja wao, kijana mwenye Kireno cha kuokoteza, alikula mkate wa mama, akaomba wa pili, akatoa simu kutuonyesha picha. Ulikuwa mkate kama wetu, mrefu zaidi, umejazwa nyama, karoti za siki, giligilani na pilipili mbichi. Alisema unaitwa bánh mì na unauzwa barabarani kila kona ya Saigon. Wao mkate waliupata kwa Wafaransa. Hata historia zetu zinakaribiana: Saigon ilianguka Aprili 1975. Sisi tulipata uhuru Juni ya mwaka huohuo. Mama alitazama picha kwa makini, akauliza nyama ni ya nini. Kijana akasema kweli, ya nguruwe. Mama akamwambia, "Basi mwanangu, ya kwenu nitaitazama kwa macho tu. Wewe kula yangu." Akamwongeza bajia mbili bila malipo.

Wakati huo gesi ilikuwa imekwisha kugunduliwa baharini, mwaka 2010, na Palma ikaanza kujaa wageni. Pesa iliingia, nami siwezi kuikana, maana ilimsomesha dada yangu. Lakini wageni wale walipita kwa ndege au kwa magari yaliyofungwa vioo, chakula chao kimo kwenye makasha. Wauzaji wakaanza kukaanga chipsi na kuku ili wawavutie. Vinu vikabaki majumbani.

Kisha ikaja alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017, vituo vya polisi vya Mocímboa viliposhambuliwa na waasi. Kwa muuza bajia, hofu ya giza ni hofu ya kazi yenyewe. Nani tena angetoka na jiko usiku? Agosti 2020 waasi hao waliutwaa mji wote, watu wakatawanyika. Sisi tulifika Pemba kwa mashua, tukashukia ufukwe wa Paquitequete. Mama hakukaa hata mwezi bila karai. Kunde zilipokosekana alitwanga maharage ya msaada, bajia zikawa nzito, na watu wa kwetu walizinunua vivyo hivyo, wakakaa mchangani kuulizana nani ameonekana wapi.

Majeshi ya Rwanda na Msumbiji yaliurudisha mji Agosti 2021, na baadaye wenyeji wakaanza kurejea, nasi tukiwamo. Leo karai analo mpwa wangu. Wateja wake wengine ni askari wa Rwanda, ambao wengi huongea naye kwa Kiswahili na kumwita dada. Ila abiria wa masafa marefu ndiye aliyebadilika. Barabara ya Macomia inapokuwa mbaya, magari husafiri kwa msafara wa kusindikizwa, na msafara hausimami ovyo. Kwa hiyo mpwa wangu hukaanga bajia zikauke hadi ndani, huzifunga ndani ya mkate kwenye mfuko, pilipili mbali kwenye kifuko chake, na kumrushia abiria dirishani.

Mama hazikubali bajia hizo. "Bajia ya kufungwa inatoa jasho," anasema. Mpwa wangu anamjibu, "Bibi, abiria hashuki siku hizi." Binti anajua soko lake na sina haki ya kumlaumu. Lakini abiria asiyeshuka haulizwi atokako, wala hatuletei habari za alikopita, na mji uliokaa mtupu mwaka mzima unazihitaji habari hizo kuliko mji mwingine wowote. Ningekuwa na sauti mbele ya wanaopanga misafara, ningewaomba jambo moja: wakifika Mocímboa, wawape abiria nusu saa washuke.