Bajeti ya kompyuta: mstari usio na mwenyewe hukatwa

Nimepotea kwa wiki sita hivi, na wawili watatu wenu wameniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa naandaa bajeti.

Naam, bajeti! Mimi niliyesomea sayansi ya kompyuta miaka minne nikidhani nitakuwa naandika programu tu mpaka nizeeke. Leo basi hakuna msimbo. Leo ni hesabu za shilingi, na kosa langu moja ambalo bado linaniuma.

Kwa msionijua: nafanya kazi katika chuo kimoja cha ufundi cha umma upande huu wa Uthiru. Vyuo kwetu si haba. Kabete National Polytechnic ina historia inayoanzia 1924, na kampasi ya Upper Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi haiko mbali. Chetu si kimojawapo cha hivyo. Ni kidogo, na jina lake nitaliacha. Kitengo cha kompyuta kina watu wawili: mimi ninayetunza mfumo wa alama na karo, na fundi mmoja mzee anayejua kila waya ulipopita.

Mwaka wa fedha wa serikali ya Kenya huanza 1 Julai. Wengi wetu hukumbuka bajeti mwezi Juni, waziri anapopigwa picha na mkoba wake. Wakati huo umechelewa sana. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka Hazina ya Taifa itoe waraka wa bajeti kufikia tarehe 30 Agosti, na makadirio yafike Bungeni kufikia 30 Aprili. Ukianza kuandika maombi ya idara yako mwezi Mei, unaandika barua ya kumwagia machozi.

Sasa kosa langu.

Mwaka wangu wa kwanza niliambiwa nijaze fomu ya kitengo. Nikachukua ya mwaka uliotangulia, nikaongeza asilimia kumi kila mahali (usinicheke, hata wewe umewahi), kisha nikaweka mistari miwili mipya. Wa kwanza: "Matengenezo ya seva, 60,000." Wa pili: "Skrini mbili kubwa za ukumbi wa mapokezi, 180,000." Mstari wa pili niliupamba. Niliandika aya nzima kuhusu sura ya chuo na wageni watakaoona ratiba zikipita kwenye kioo. Wa kwanza niliuacha ulivyo. Nilidhani kila mtu anajua seva ni nini.

Skrini zikapita. Matengenezo yakakatwa hadi sufuri.

Nilichojua mimi, na ambacho sikukiandika popote, ni kwamba seva yetu ina diski mbili zinazobeba data ileile, ili moja ikifa nyingine iendelee. Moja ilikuwa imeshakufa kabla sijaajiriwa. Tulikuwa tunatembea kwa mguu mmoja. Ile 60,000 ilikuwa ya diski mbili mpya, diski ya nje ya nakala za akiba, na betri ya kuishikilia seva umeme unapopotea. Na umeme wetu mnaujua.

Ulipotea Jumanne moja jioni, ukarudi, ukapotea tena. Asubuhi diski ya pili ilikuwa inalia kama kriketi. Nakala ya mwisho ya alama ilikuwa ya wiki tatu nyuma, na wiki hizo tatu ndizo walimu walikuwa wameingiza alama za mwisho wa muhula.

Walimu walifungua makabati wakaanza kuingiza upya kutoka kwenye karatasi. Tulimaliza baada ya siku kumi na moja. Siku ya tano alikuja kijana wa idara ya upishi dirishani kwangu. Hoteli moja ilikuwa imemkubali kwa mafunzo ya kazini, ila ilitaka matokeo yake kabla ya Ijumaa. Sikuwa nayo. Akaniuliza kwa adabu tu, "Mwalimu, sasa niwaambie nini?" Sikuwa na jibu. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Nyuma yake, ukumbini, zile skrini zangu mbili zilikuwa zinang'aa na nembo ya chuo.

Nilipanda kwa mhasibu mkuu nikiwa na hasira. Nikamwambia, "Madam, niliomba pesa za seva mkazikata." Hakukasirika. Alitoa faili, akafungua fomu yangu, akaweka kidole kwenye mstari ule.

"Kijana wangu," akasema, "mimi hukata mstari usio na mwenyewe. Pesa zikipungua natafuta nitakapokata bila mtu kuja kulia hapa. Umeandika matengenezo. Ya nini? Nani ataumia? Siku gani? Hizi skrini zilikuwa na mwenyewe."

Nilishuka ngazi nikiwa nimenyamaza. Alikuwa amesema kweli. Pesa zilikuwepo, na maelezo yaliyozipeleka kwenye skrini niliyaandika mwenyewe.

Tangu hapo nimebadilisha namna ya kufanya. Badala ya kutuma fomu kwa barua pepe, nachukua daftari na kuzunguka idara zote, nikiuliza swali moja: ni kazi gani itakwama mwaka ujao, na itakwama lini? Siulizi wanataka nini. Ukimuuliza mtu anataka nini atasema kompyuta. Idara ya urembo walikuwa wameomba kompyuta tatu. Tulipozungumza, shida ilikuwa printa ya kutolea vyeti vya mazoezi na soketi mbili zilizoungua. Kilimo walitaka ndege isiyo na rubani. Kilichowakwamisha ni kwamba intaneti haifiki ofisi yao ya shambani, kwa hiyo mwalimu hutembea na simu akitafuta mtandao.

Haya ndiyo niliyojifunza. Huenda yakamfaa aliye kwenye kiti kama changu:

1. Kila mstari uwe na mwenyewe. Andika nani atakwama, katika kazi gani, na mwezi gani. Mistari miwili yatosha.

2. Bei iwe kamili. Karatasi ya bei uliyochukua Luthuli Avenue mara nyingi haina VAT. Ukiomba 500,000 kwa kitu ambacho kwa asilimia 16 kitakuwa 580,000, utanunua pungufu.

3. Leseni za dola ziandikwe kwa dola, pamoja na kiwango ulichotumia na tarehe yake. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa karibu 130. Aliyeandika shilingi tu hakuweza kueleza kwa nini hesabu yake haikulingana na ankara.

4. Unganisha. Idara sita ziliomba printa, kila moja kivyake. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inakataza kugawanya ununuzi ili kukwepa utaratibu, na hata bila sheria, anayenunua tisa kwa pamoja hupata bei nzuri kuliko anayenunua moja.

5. Eleza uwezo wa kifaa, usitaje chapa. Sheria hiyohiyo haipendi uandike jina la kampuni bila kuongeza "au kinacholingana nacho".

6. Usiombe mwaka mmoja tu. Hili nalieleza kwa mfano.

Maabara yetu ina kompyuta 42 za Windows 10. Microsoft waliacha kuipa marekebisho ya bure 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka kifaa cha usalama cha TPM 2.0, na kwa Intel kichakato cha kizazi cha 8 au cha baadaye kwa sehemu kubwa. Zetu zote 42 ni za kabla ya hapo. Mkuu wa idara alitaka tuombe 42 mpya kwa mkupuo. Ombi la namna hiyo lingekatwa kabla ya chai ya saa nne.

Lakini Microsoft wanauza marekebisho ya usalama kwa miaka mitatu, na bei ya taasisi za elimu ni dola 1 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, 2 wa pili na 4 wa tatu. Basi tukapanga kubadilisha 14 kila mwaka wa fedha, mapema kabla ya Oktoba. Mwaka wa kwanza tunalipia 42, dola 42. Wa pili zimebaki 28, dola 56. Wa tatu zimebaki 14, dola 56 tena. Jumla dola 154, karibu shilingi 20,000 kabla ya kodi, na miaka mitatu ya kupumua. (Wapenzi wa Linux, tulieni. Mashine 14 za kwanza zitakazotoka tutazitia Ubuntu zihamie maktaba.)

Hesabu zilipojumlishwa tulikuwa tumepita kiwango kwa 210,000. Ilibidi kitu kitoke. Nilipitia mistari yote kwa swali la Madam, nikafika kwenye wangu mwenyewe: programu ya simu ya wanafunzi, ambayo nimeiota kwa miaka miwili. Nani ataumia isipokuwepo? Siku gani? Nilikaa na kalamu dakika nzima. Jibu lilikuwa: mimi.

Nikaifuta. Mstari wa seva uko juu kabisa sasa, na maelezo yake yanasema: "Diski ikifa wiki ya matokeo, wanafunzi wanaosubiri nafasi za mafunzo watazipoteza. Imewahi kutokea." Chini ya mstari huo nimeandika jina la idara ya upishi.

Nilipeleka fomu Alhamisi. Madam aliisoma nimesimama pale pale, akaweka alama ya kalamu nyekundu mahali pamoja tu, kwenye viti vya maabara. "Hivi ni vya nani?" akauliza.

Sikuwa nimeandika. Narudi nazo Jumatatu.