Kinachopanda Kisirudi

Kuanzia yapata kilomita 500 hadi 1,000 juu ya vichwa vyetu, hewa ya dunia inafika ukingoni. Tabaka hilo la mwisho huitwa eksosfia. Lina haidrojeni na heliamu, na oksijeni sehemu zake za chini, lakini chembe zake zimetawanyika mno: moja yaweza kusafiri mamia ya kilomita bila kugongana na nyingine. Nyingi huvutwa zikarudi chini. Zile nyepesi zenye kasi kubwa hutoka moja kwa moja, zikaiacha dunia.

Sisi wa Mwanza habari hii inatugusa. Mawe yetu ya itale, Jiwe la Bismarck likiwamo, yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ndani ya miamba mikongwe ya namna hiyo, urani na thori huoza polepole na kuzaa heliamu. Kule Rukwa, joto la Bonde la Ufa limeifungulia njia, na mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kwamba ipo hazina kubwa. Heliamu ikishaponyoka hewani, hupanda hadi eksosfia na hatimaye kupotea. Hakuna wa kuirudisha.

Maji ya Ziwa Victoria nayo hupanda kila siku. Lakini hayo hukutana na baridi ya juu yakawa mawingu, na mvua ndiyo inayolijaza ziwa kwa sehemu kubwa.

Vyote viwili hupanda, wala jicho halioni tofauti. Baba yangu, mvuvi wa dagaa wa mwalo wa Igombe, tofauti ya namna hiyo aliijua katika maisha. Wavu ukichanika, aliushona. Bei ikishuka, alisubiri. Hasara hizo hazikumnyima usingizi. Ila siku za mbalamwezi, taa za kuvulia zisipofaa kitu na wenzake wakitafuta vibarua mjini, yeye alibaki nyumbani nasi. Dagaa, alisema, watarudi giza likirudi. Kuhusu utoto wetu hakusema neno. Alikaa tu, akatusimulia hadithi hadi tukasinzia.

Wengi wetu tunafanya kinyume: tunaililia fedha, ambayo huenda ikarudi, na wazazi tunawaahirisha.

Ndugu msomaji, kama mzazi wako yuko ng'ambo, Sengerema au Geita, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025. Nenda wiki hii.