Kasenga: mama mjamzito atembee, bidoni ibebwe na mwingine

Uvira – Katika mtaa wa Kasenga, mama mmoja aliyekimbia vita, mwenye mimba ya miezi minane, anachota maji kila asubuhi. Majirani wanasema hayo ni mazoezi tosha. Sivyo. Bidoni ya lita 20 ina kilo 20. Inamchosha mgongo na kiuno. Kinachomsaidia ni kutembea bila mzigo, huku akiweza kuongea bila kuhema. Uchungu ukianza, asilale chali tu: atembee, aegemee bega la dada yake. Akiisha kuzaa apumzike, kisha awe anabana misuli ya chini kama anayezuia mkojo, anaachia, anarudia. Damu ikimtoka nyingi, apelekwe kituo cha afya mara moja. Baba na vijana wa nyumba, bidoni hiyo ni yenu.