Pampu Haikosi Kitu, Ni Mimi Nilikosa Subira

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nilirudi nyumbani Bungoma na tangi la kioo la lita 100. Majirani walicheka sana. Mama peke yake ndiye alinisaidia kubeba ndoo kila Jumamosi, mpaka mgongo ukamkatalia.

Basi nikapanda matatu hadi Kitale, nikanunua pampu ndogo na mpira wa mita tano. Wueh, raha! Nikatoa maji yote, nikajaza mengine moja kwa moja kutoka mferejini. Dakika ishirini tu. Asubuhi samaki saba wa dhahabu wanaelea.

Ilikuwa klorini. Huwekwa kwa maji ya mfereji kuua viini, na huchoma matamvua ya samaki. Zile ndoo za Mama zilikuwa zinalala wazi usiku kucha kabla ya kumwagwa, klorini ikitoka polepole. Hatukujua hiyo ndiyo ilikuwa dawa.

Siku hizi maji yanalala ndani ya pipa siku nzima, kisha pampu inayapandisha. Nabadilisha robo pekee. Kutoa hakuhitaji hata stima: jaza mpira maji, ziba ncha kwa kidole, ishushe chini ya tangi, achilia. Yatashuka yenyewe. (Msivute kwa mdomo jamani, hiyo ni kinyesi cha samaki.)

Kazi ya Mama sasa ni kushika mwisho wa mpira, akielekeza maji machafu kwa sukuma wiki yake.