Nyumba Njema Si Mlango

Wako wanaotamani kuiona London kabla hawajafa, na wako wanaotamani piramidi za Misri. Mimi kwa miaka mingi nimekuwa nikiota kuingia katika shimo moja lililoko Matmata, kusini mwa Tunisia.

Shimo hilo ni nyumba. Waamazigh wa Matmata, ambao wengi huwaita Waberber, hawakujenga kwenda juu. Walichimba kwenda chini. Hufukuliwa shimo kubwa la duara lenye kina cha mita kadhaa, na chini yake ndipo panapokuwa ua. Kisha vyumba huchongwa katika kuta za shimo: cha kulala, jiko, ghala. Mlango ni njia ya handaki inayopenya kilimani. Udongo wenyewe ndio ukuta, tena ndio paa, kwa hiyo joto la kiangazi halifiki ndani upesi, wala baridi ya kipupwe. Kijana akioa, huongezewa chumba kwa kuchimba tu.

Nyumba hizi nilizijua kwa njia ya sinema, kama walivyozijua wengine wengi. Mwaka 1976 George Lucas alikwenda Tunisia kupiga Star Wars, filamu iliyotoka mwaka 1977. Hoteli ya Sidi Driss, iliyomo katika mashimo ya namna hiyo, ikawa nyumba ya kijana Luke Skywalker, alelewaye na ami yake katika sayari yenye majua mawili. Sura ya nje ya nyumba hiyo ilipigwa mbali na hapo, kwenye uwanda wa chumvi wa Chott el Djerid. Mtazamaji huona kuba juu ya uwanda mkavu, mara yumo uani Matmata, na jicho halishuku kitu.

Lakini tangu mwanzo kijana yule anataka kuondoka. Kwake nyumba ile iko pembeni kabisa mwa ulimwengu, mahali pasipotokea jambo. Na wenyeji wa kweli nao, wengi wao, waliondoka. Baada ya uhuru wa mwaka 1956 ulijengwa mji wa Matmata Mpya huko tambarare, na familia nyingi zikahamia. Nani awalaumu? Mvua kubwa ikinyesha, udongo hulowa na chumba huweza kuporomoka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hapa Tanzania tuna habari inayofanana na hiyo. Wairaqw wa Mbulu walikuwa wakichimba nyumba zao ubavuni mwa mlima, paa la udongo likilingana na ardhi, ili wavamizi wa mifugo wasizione. Wagogo walikuwa na tembe zao. Leo bati ndilo heshima ya mtu, na anayebaki chini ya paa la udongo huonekana kuwa ameachwa nyuma. Hata hivyo, saa nane mchana bati huchoma kama kikaango, na usiku wa mvua watu hawasikilizani. Nami nilalaye chini ya bati naota shimo la Matmata, wakati huenda huko yuko kijana anayeota bati langu.

Hilo ndilo linalonifanya niisaili ndoto yangu. Je, nataka kwenda kuwatazama watu kama viumbe wa sayari nyingine, nipige picha mahali alipoketi Luke, nirudi zangu? Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sinema ilinifikisha mlangoni, nami naishukuru. Lakini ilinionyesha mtu mmoja tu, yule anayetaka kutoka. Siku nikijaliwa nauli, ningependa kuketi na mmoja wa wale walioamua kubaki, nimsikilize.