Ua la Dada na Baridi ya Ufipa

Mji wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi nchi huteremka mpaka Ziwa Tanganyika, na upande wa mashariki huteremka mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Mtu atokaye Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika, huondoka amevaa shati jepesi, na afikapo Sumbawanga hutafuta sweta. Sababu yake ni hii: maji ya ziwa hilo yako meta 773 tu juu ya bahari, na kila meta 1,000 apandazo mtu, joto hupungua kwa kadiri ya digrii 6. Tena katika miezi ya Juni na Julai upepo mkavu huvuma uwandani, mbingu hutakata pasipo wingu, na usiku ardhi hupoteza joto lake upesi.

Katika mji huo alikaa mvulana mmoja wa Darasa la Sita, pamoja na babu yake na mdogo wake wa miaka mitano. Mama yao alikuwa amefariki, na dada yao mkubwa ndiye aliyewalea. Basi dada huyo alipokwisha kusomea ualimu katika mkoa wa Tanga, akapata kazi ya kufundisha Kirando. Mwezi wa Januari akafunga mizigo yake, akamwita mvulana, akamkabidhi chungu kidogo chenye ua.

Ua hilo alilinunua kwa mtunza bustani mmoja wa Lushoto, akalipakata mapajani ndani ya basi njia nzima. Majani yake yalikuwa manene, yenye manyoya laini kama mahameli, na maua yake yalikuwa ya rangi ya urujuani, yenye vitovu vya manjano.

"Kirando kuna joto kali, na nyumba nitakayokaa sijaiona," akasema dada. "Wewe nilindie. Nitakaporudi Desemba nataka kulikuta hai."

"Utalikuta, dada," akajibu mvulana.

Siku za mvua kazi yake ilikuwa nyepesi. Aliliweka ua dirishani, akalinywesha udongo ulipokauka, nalo likachanua. Lakini mvua zilipokwisha, na usiku wa baridi ulipoanza, mambo yakageuka. Kila asubuhi mvulana alichota maji katika ndoo iliyolala nje, akayamimina juu ya majani. Na pale yalipoanguka pakatokea madoa meupe. Kisha majani ya upande wa dirisha yakalegea, yakawa meusi kama yaliyochemshwa. Mvulana akaona ua lina kiu, akalizidishia maji. Udongo ukawa tope baridi, na majani mengine yakalegea vilevile.

Akaingiwa na hofu. Kila alipolitazama ua alimkumbuka dada yake, na ahadi aliyompa. Wala hakutaka kumwuliza mtu, asije akaambiwa kwamba ameshindwa kazi ndogo.

Usiku mmoja wa Julai, baridi ilipozidi, akapata shauri. Walipokwisha kula, akalitazama jiko la makaa. Makaa yalikuwa mekundu, wala hayakutoa moshi hata kidogo. Akalichukua polepole mpaka chumbani alimolala yeye na mdogo wake, akaliweka karibu na chungu. Akafunga dirisha, akakunja magunia akaziba chini ya mlango, upepo usipite. Chumba kikapata joto zuri. Akalala kwa furaha, akisema moyoni, "Leo ua la dada halitaona baridi."

Usingizi wa wazee ni mwepesi. Katikati ya usiku babu akasikia mtoto mdogo akilia kwa sauti ya chini, kama mtu aliye mbali. Akaita, wala hapana aliyejibu. Akausukuma mlango, ukakataa kwa ajili ya magunia. Akausukuma kwa bega, ukafunguka. Akaona jiko, akafahamu mara moja. Akamnyakua mdogo akamtoa nje, akarudi akamvuta mkubwa, akafungua dirisha na milango yote, kisha akalitoa jiko. Mdogo alikuwa akitapika. Mvulana alishika kichwa kwa mikono miwili, na miguu yake haikuweza kumchukua. Babu akaita majirani, nao wakawapeleka wote wawili hospitali usiku ule ule.

Wakapona. Lakini mganga aliwaambia kwamba kama babu angechelewa, watoto wale wasingaliamka tena.

Waliporudi nyumbani, mvulana akakichukua kile chungu, akatoka nacho ili akakitupe jalalani. Babu akamzuia.

"Wakitupia nini?"

"Ua hili nusura lituue, babu."

"Ua halikuomba moto," akasema mzee. "Liliomba kukingwa na baridi, wewe ukalipikia. Tazama." Akamwonyesha majani. Yale yaliyoelekea jiko yalikuwa yamekauka kingo zake, na yale yaliyoelekea dirisha yalikuwa bado yamelegea kwa baridi. "Kwa usiku mmoja umeliunguza upande huu, na upande ule halikupona. Keti, mjukuu wangu.

"Wazee wetu wa Ufipa walikuwa wafua chuma. Walijenga tanuru refu la udongo, refu kuliko mtu, na chini yake wakaacha matundu pande zote. Kwa nini? Kwa sababu moto hupumua kama mtu. Wewe uliuingiza moto chumbani, ukaziba matundu yote. Moto ukakunyang'anya pumzi yako, na badala yake ukakupa sumu."

Siku ya pili mvulana akamwendea mwalimu wake wa sayansi, akamweleza yote. Mwalimu hakumcheka. Akamwambia kwamba makaa yawakapo hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyoonekana wala kunuka. Ivutwapo, huingia katika damu ikakaa mahali pa oksijeni, na mwili ukakosa hewa ingawa mtu anapumua. "Kutoona moshi si dalili ya usalama," akasema. "Hewa hiyo ndiyo iliyowatolea wazee chuma katika mawe ndani ya tanuru, humo ni mtumishi, chumbani ni mwuaji. Jiko la makaa lisilale na watu kamwe, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo."

Kisha akamweleza habari za ua lenyewe. Asili yake ni milima ya mashariki ya nchi yetu, hasa Usambara, ambako huota katika kivuli cha msitu, juu ya miamba yenye unyevu. Mnamo miaka ya 1891 na 1892, Mjerumani mmoja aliyetawala wilaya ya Tanga, jina lake Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona huko, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika katika elimu, akaliita Saintpaulia kwa jina la watu hao. Tangu hapo limeenea madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, ingawa huko baridi ya nje hugandisha maji. Na katika misitu yake ya asili limekuwa adimu, kwa kuwa misitu imekatwa.

"Basi watu wa Ulaya wanalilindaje?" akauliza mvulana.

"Kwa kujua kipimo chake," akasema mwalimu. "Hupenda joto la digrii 18 mpaka 24 za Selsiasi. Likishuka chini ya 15 huanza kuumia, na likipita 30 pia huumia. Zaidi ya yote hupenda joto lisilorukaruka, kama lile la msituni." Akamwazima kipimajoto cha shule kwa juma moja.

Mvulana akakitumia vizuri. Kila alfajiri alipima mahali mbalimbali nyumbani, akaandika katika daftari. Dirishani, penye kioo chembamba na mianya, alikuta digrii 10. Juu ya sakafu ya saruji, 12. Karibu na ukuta wa ndani, uliojengwa kwa matofali manene, alikuta 15, na siku nyingine 16. Nyumba ni moja, na usiku ni mmoja, lakini kona hii na kona ile ni kama nchi mbili.

Babu akamwongoza katika mengine. Wakaweka kigoda cha mti karibu na ukuta ule, ili chungu kisiguse sakafu. Wakakitia chungu ndani ya chungu kikubwa, na katikati yake wakashindilia nyasi kavu.

"Nyasi zina joto gani, babu?"

"Hazina. Hata blanketi lako halina moto. Lakini hulizuia joto lako lisitoke. Na ua ni hivyo hivyo."

Ikawa kazi ya kila siku. Asubuhi, jua lilipokwisha kupasha nyumba, mvulana alilipeleka ua karibu na dirisha lipate mwanga; jioni, kabla ya baridi kuingia, alilirudisha ukutani. Maji yake aliyaweka ndani tangu jana, yasiwe ya baridi, akayamimina udongoni, si juu ya majani. Tena aliyapunguza, kwa kuwa mizizi iliyopata baridi hainywi upesi, na udongo uliolowa huiozesha.

Majani saba yalikufa. Matano yakabaki, nayo hayakukua hata kidogo muda wa majuma mengi. Mvulana akajifunza kungoja. Mwezi wa Septemba joto liliporudi uwandani, jani dogo la kijani likatokeza katikati. Mwalimu akamwonyesha kwamba jani moja zima, likikatwa pamoja na kikonyo chake na kupandwa, huota mizizi na kuzaa mche mpya. Akafanya hivyo, akautunza mche huo katika kikombe kilichovunjika mkono.

Desemba dada akarudi. Akaliona ua, dogo kuliko alivyoliacha, lakini lina maua matatu. Kabla hajasema neno, mvulana akamweleza habari zote, hata habari ya jiko, wala hakuficha kitu. Dada akamkumbatia mdogo, kisha akamkumbatia na yeye, akanyamaza kitambo kirefu.

"Ningalipoteza maua mia kuliko kuwapoteza ninyi," akasema. "Mbona hukuuliza?"

"Niliona haya, dada."

"Haya hiyo ndiyo iliyoziba mlango, si magunia."

Alipokuwa akifunga mizigo kurudi Kirando, mvulana akamletea kile kikombe chenye mche. "Huku tunaukinga na baridi," akasema, "lakini kule utaukinga na joto. Usiuweke karibu na bati wala penye jua la mchana. Tafuta kwanza kona yenye ubaridi katika nyumba yako, kisha uupeleke huko."

Dada akacheka, akakifunga kikombe katika khanga, akakipakata mapajani kama alivyokipakata kile cha kwanza. Na katika nyumba ya babu, tangu siku zile mpaka leo, jiko la makaa hulala nje.