Mngurumo ni Neno: Mbwa Mwoga na Mtoto Mchanga katika Boma la Matungu

Katika malango mengi nchini Kenya, yawe ya majumba ya mjini au ya maboma ya mashambani, hupatikana kibao chenye maneno mawili: "Mbwa Kali". Wanafunzi wa Kiswahili hukicheka kibao hicho kwa kuwa kinavunja upatanisho wa kisarufi. Mbwa ni kiumbe mwenye uhai, na kivumishi kinachomwandama hakina budi kufuata ngeli ya A-WA: mbwa mkali, mbwa wakali. Hata hivyo, kosa la sarufi ndilo dogo. Lipo kosa la pili, la maana, ambalo halichekeshi. Mbwa wengi waitwao wakali si wakali, ni waoga. Watu huyaona meno, wasiione hofu iliyoyatangulia. Penye watu wazima watupu, kosa hilo huishia kwenye suruali iliyoraruka. Penye mtoto mchanga, huweza kuishia kwenye jeraha la uso, au kwenye kaburi.

Matungu, katika Kaunti ya Kakamega, ni nchi ya Wawanga, ya mashamba ya miwa na ya Mto Nzoia. Kwa Kiluhya mnyama huyu huitwa imbwa, neno ambalo ni ndugu wa damu wa "mbwa" la Kiswahili. Dalili kwamba Wabantu walimjua mbwa kabla lugha zao hazijaachana. Pamoja na ujuzi huo wa kale, mbwa wa Matungu si wa kulala sebuleni. Aghalabu hulala chini ya ghala au kando ya jiko la nje penye majivu yenye joto, hula mabaki ya ugali, hufungwa mchana na kufunguliwa usiku. Miongoni mwa majirani wapo Waislamu wengi, kwani Mumias hauko mbali, na kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi. Waswahili nao walinena kwamba mchezea mbwa huingia naye msikitini. Methali hiyo haimwamuru mtu kumchukia mbwa. Inamkumbusha kwamba mazoea hayana budi kuwekewa mpaka.

Mwaka 2018 wakazi wa Matungu walipitia kipindi kigumu cha mauaji yaliyofanywa usiku na magenge. Watu walilala jicho moja wazi. Katika boma moja la eneo hilo, mzee mwenye boma aliona kwamba mlango wa mbao haukutosha, akaleta kitoto cha mbwa na kukiita Simba. Jina lilikuwa la fahari, ila mwenye jina hakufanana nalo. Simba alikua katika miezi ambayo kila kishindo kilimaanisha hatari: vilio vya jirani, filimbi, mbio za watu gizani. Watoto wa njiani walimrushia mawe kila alipofungwa. Akawa mbwa wa kushtuka: sufuria ikianguka, anajificha, mgeni akiinua mkono kusalimu, anabweka huku akirudi nyuma. Kwa kazi ya usiku alifaa sana, kwa sababu mwoga husikia kabla ya shujaa.

Miaka ilipita, mkaza mwana wa boma akapata mimba. Ndipo mgogoro ulipozuka. Mama mtarajiwa alimwendea mavyaa wake, kwa kuwa si adabu kujibizana na mkwe wa kiume, akasema, "Mama, mbwa huyu na mtoto wangu hawataishi pamoja. Mwambie baba amwondoe." Mzee alipofikishiwa ujumbe huo, alijibu kwamba aliyesahau usiku wa 2018 ndiye awezaye kumfukuza mlinzi. Kila upande ulikuwa na haki. Mama aliona shingo laini ya mtoto ambaye bado hajazaliwa. Mzee aliona mlango uliovunjwa wa jirani. Kumwondoa Simba kungaliacha boma bila sikio la usiku. Kumwacha kama alivyokuwa kungalimweka mtoto rehani.

Bibi wa boma, anayeitwa Kukhu kama waitwavyo bibi wote wa Kiluhya, alikataa kuchagua upande. Alisema kazi ianze kabla ya mtoto kufika, maana mbwa mwoga hapendi mambo ya ghafla. Yumkini hakuwahi kusoma kitabu chochote cha malezi ya mbwa, lakini rai yake inaafikiana na ushauri wa wataalamu wa tabia za wanyama: mabadiliko yaletwe polepole, na kila jambo jipya liambatanishwe na jambo jema. Kwanza, Simba alihamishiwa kibanda chake nyuma ya ghala, mbali na njia na mbali na mti wa mwembe ambapo mkeka wa mtoto ungetandikwa. Kibanda hicho kikawa himaya yake; haikuruhusiwa mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo, kumfuata humo. Pili, saa za chakula zilipangwa. Mbwa aliyezoea kugombania mabaki huilinda sahani kwa meno. Mbwa anayejua kwamba chakula kitakuja, na kwamba hakuna atakayemnyang'anya, hupunguza wasiwasi. Tatu, watoto wa boma walikatazwa kurusha mawe. Amri hii ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, kwani ilidai watu wabadilike kabla ya mbwa.

Mtoto alipozaliwa, nguo aliyofungiwa ilipelekwa kwa Simba aunuse kwanza, naye mwenyewe akiwa bado ndani. Siku kadhaa baadaye mama alitoka uani akiwa amembeba mtoto, huku mzee amemshika mbwa kwa kamba isiyokazwa, umbali wa hatua nyingi. Mtoto alilia, Simba akafyata mkia. Mzee hakumvuta wala hakumkemea. Alimtupia tonge la ugali na kumwacha aondoke alipotaka kuondoka. Jambo hilo lilirudiwa kila siku hadi kilio cha mtoto kikawa, kwa mbwa, habari ya tonge.

Hatari kubwa, hata hivyo, haikuwa katika miezi ya kubebwa. Ilikuja mtoto alipoanza kutambaa. Mtoto anayetambaa huenda kwa uso wa mbele, katika kimo cha mdomo wa mbwa. Hushika mkia, hushika sikio, hushika mfupa. Alasiri moja mlezi wake, msichana wa miaka minane, aligeuka kuteka maji, na mtoto akatambaa hadi ukingoni mwa mkeka, karibu na mahali Simba alipokuwa akiguguna mfupa. Mbwa aliganda. Kisha akanguruma. Ami wa mtoto alichupa, akamnyakua mtoto kwa mkono mmoja na kuinua rungu kwa mkono wa pili.

"Mwache!" Kukhu alimpigia kelele. "Amesema. Ungependa siku nyingine anyamaze?"

Katika maneno hayo machache imo hekima ambayo watu wengi hawana. Mngurumo si uasi, ni onyo. Ni neno la mwisho la kiumbe ambaye alikwisha kusema mengi na hakusikika. Kabla ya kunguruma, mbwa mwenye hofu hugeuza uso pembeni, hupiga miayo ilhali hana usingizi, hujilamba pua ilhali hajala, huonyesha weupe wa jicho, hukaza mwili. Lugha ya Kiswahili yenyewe imehifadhi sehemu ya msamiati huo, maana binadamu aliyetishika husemwa kuwa amefyata mkia. Mbwa anayepigwa kila anapoonya hajifunzi kutoogopa, hujifunza kutoonya. Siku akizidiwa, huuma bila neno, na watu wakastaajabu wakidai kwamba aliuma bila sababu.

Tukio lile lilileta kanuni mpya. Mifupa haikuliwa tena uani, ilipelekwa kibandani. Mlango wa jiko na wa sebule ukawekewa kizuizi cha mbao kimo cha goti la mtu mzima, mtoto asitoke pasipo mtu. Simba akafungwa kibandani wakati mtoto alipokuwa akinywa uji chini ya mwembe, kwani uji umwagikao huwaita wote wawili mahali pamoja. Juu ya yote, ikakubaliwa kwamba mbwa na mtoto wasiachwe pamoja kamwe bila mtu mzima. Si kwa muda wa kuteka maji, si kwa muda wa kumwitikia jirani. Mtoto wa miaka minane si mtu mzima, na kumkabidhi ulinzi huo ni kumtwisha mzigo usio wake. Mama alilazimika kupanga upya zamu za shambani, na wanaume wa boma, ambao hawakuzoea kulea, wakapewa saa zao. Huenda hili ndilo lililokuwa badiliko kubwa kuliko yote.

Aidha, usalama hauishii kwenye meno. Kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na watoto wa chini ya miaka 15 ni sehemu kubwa ya waathiriwa. Dalili zikishajitokeza, ugonjwa huu takriban daima huua. Nchini Kenya, mkakati wa kitaifa uliotangazwa mwaka 2014 ulilenga kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030, na msingi wake ni chanjo ya mbwa: wakichanjwa asilimia 70, mnyororo wa maambukizi hukatika. Kwa hiyo Simba alipelekwa kwa daktari wa mifugo, akachanjwa na kupewa dawa ya minyoo, maana minyoo ya mbwa huweza kumwingia mtoto anayechezea udongo. Boma zima lilifundishwa pia kwamba jeraha la mbwa, hata likiwa mkwaruzo, huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mtoto hupelekwa kituo cha afya bila kungoja. Mtoto mchanga hawezi kueleza alichofanyiwa. Alama ndogo mwilini mwake ndiyo kauli yake.

Je, Simba aliacha uoga? La. Hadi leo radi ikipiga hujificha nyuma ya ghala. Mtoto naye amefundishwa mapema kwamba kibandani hakuendwi, na kwamba mbwa anayekula au kulala haguswi. Hawajawa marafiki wa kupigwa picha. Wamekuwa majirani wema, kila mmoja akijua mpaka wa mwenziwe. Mama bado hamwamini mbwa kikamilifu, na kutoamini kwake ni sehemu ya ulinzi. Mzee bado husikiliza usiku, na sauti inayomwamsha ni ileile.

Wanaoisoma lugha hawana budi kuzingatia jambo moja katika kisa hiki. Katika boma lile waliishi viumbe wawili wasio na maneno, mmoja mwenye meno na mwingine asiye nayo. Amani yao haikuletwa na wema wa mbwa wala bahati ya mtoto. Ililetwa na watu wazima waliokubali kazi ya kuwasoma wote wawili, kusikia kilio na mngurumo kama kauli zenye maana, na kujibu kabla kauli haijageuka kuwa tendo. Asikilizaye mapema hahitaji rungu.